Kichaka gani cha maua kitaiona asubuhi ya Njombe?

Nilihamia Njombe na miche mitatu mapajani. Asumini, bogonvilia, na haibiskasi nyekundu, ile ndugu yake choya. Yote imetoka uani kwa mama Tanga, kila mmoja ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kitako. Kondakta alitaka iingie kwenye buti. Nikamwambia kama miche inakwenda butini, na mimi nakwenda nayo. Tukaupanda mlima Kitonga hivyo hivyo, udongo ukimwagikia viatu vya abiria mwenzangu, muungwana ambaye hakusema neno mpaka tulipofika Makambako. Hapo ndipo aliponiuliza ninaipeleka wapi. Nilipotaja Njombe akacheka kwa pua, akageukia dirishani.

Ilikuwa Februari. Mvua zilikuwepo, miche ikashika vizuri, na Aprili haibiskasi ikatoa ua moja jekundu, kubwa kama sahani ya chai. Nikampigia mama simu kumtangazia. Wiki ya tatu ya Juni niliamka alfajiri kwenda bombani, nikakuta nyasi za uani zimepauka kana kwamba zimemwagiwa chumvi. Nilipozikanyaga zikavunjika chini ya kandambili kwa mlio wa chapati kavu. Haibiskasi yenyewe ilisimama wima, majani yamekakamaa, nami kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba imepona. Saa tatu jua lilipopanda, majani yote yakalegea kwa pamoja, yakawa meusi na maji maji kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Asumini ikafuata siku ya pili yake. Bogonvilia ikabaki fimbo yenye miiba.

Jirani yangu, mama wa Kibena mtu mzima, alikuja kunipa pole kama mtu anayekuja msibani. "Kamwene," akasema, akaizunguka miche yangu mara moja. "Pole, mwanangu. Hivi ni vitu vya pwani. Huku barafu inakula vitu vya pwani." Kisha akanishika mkono akanipeleka kwake. Nyuma ya jiko lake, chini ya upenu wa bati, palikuwa na kichaka kirefu kuliko mimi, majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na kimejaa maua mekundu, wazi, siku ile ile ambayo uani kwangu palikuwa na maiti tatu.

Kichaka kile ndicho kilichoniingiza katika habari hii ya maua ya nyanda za baridi, na tangu siku hiyo nimepoteza mimea mingi zaidi ya ile mitatu. Ninayoandika hapa nimeyalipia kwa miche.

Kamusi zetu zina maneno mawili ya kitu kile kilichoua haibiskasi yangu: sakitu na jalidi. Sijapata kumsikia mtu wa Njombe akitumia hata moja. Huku inaitwa barafu, na husemwa kwamba imeanguka, ingawa kwa kweli haianguki kutoka popote. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo mtu aliyetoka ufukweni ameshaacha nyuzi 12 njiani kabla hata hajauliza habari za Juni. Lakini baridi ya hewa peke yake ni nusu ya kisa. Usiku wa kipupwe ambao hauna wingu wala upepo, ardhi na majani hutoa joto lake kwenda juu na hakuna kinacholirudisha. Jani lililo wazi chini ya anga huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto nilichotundika barazani, usawa wa kifua, husoma nyuzi 3 juu ya sifuri asubuhi ambayo nyasi zimeganda hatua chache mbele yake. Ndiyo maana kichaka cha jirani kilisalimika: upenu wa bati ulikizibia anga.

Ndani ya mmea, maji huanza kuganda nje ya chembe hai, katika nafasi zilizo kati yake. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani, chembe hunywea, na utando wake ukishindwa kuhimili hupasuka. Jua likija kuyeyusha, kilichokuwa ndani kinavuja; hapo ndipo unapoona mchicha wa jikoni. Mmea unaojua baridi hujiandaa mapema: hupunguza maji, huongeza sukari ndani ya chembe, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Haibiskasi ya Tanga haikuwahi kufundishwa hayo.

Mtu angedhani basi kwamba dawa ni nyepesi: agiza mimea ya nchi za theluji. Na mimi nilidhani hivyo.

Binti wa dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, ambako usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kila Mei hunitumia picha za kichaka kiitwacho lailaki, kimefunikwa na maua ya zambarau, na kila mwaka huniandikia kwamba harufu yake inaingia hadi chumbani. "Mama mdogo, nikuletee mche?" aliniuliza mara moja. Nilitamani. Wamarekani wana ramani rasmi iliyogawa nchi yao katika kanda 13 kufuatana na wastani wa usiku wa baridi kuliko yote katika mwaka. Mara ya mwisho waliirekebisha mwaka 2023. Lailaki huuzwa na lebo ya kanda ya 3, maana yake inavumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Njombe ingehesabiwa huko kwenye kanda za joto kabisa. Kwa hesabu hiyo lailaki ingefika hapa ikicheka.

Haicheki. Matumba ya lailaki hulala usingizi, na hayaamki mpaka yamehesabu wiki nyingi za baridi iliyokaribia sifuri, mchana na usiku, ndipo yaamini kwamba msimu wa theluji umepita. Hapa kwetu alfajiri ni nyuzi 3 na adhuhuri ni 20. Kila hesabu inapoanza, jua linaifuta. Tena mimea ya huko husoma kalenda kwa urefu wa mchana. Minnesota mchana wa Juni unazidi saa 15 na ule wa Desemba haufiki saa 9. Njombe tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni saa moja na kidogo. Mmea uliozoea kuambiwa "sasa lala" na "sasa amka" na jua lenyewe, ukija hapa unakaa kama mgeni anayesubiri adhana katika mji usio na msikiti. Utatoa majani miaka na miaka, na maua mara nyingi utayasikia kwenye simu. (Na kwa wanaofikiria kuficha kijiti kwenye sanduku la nguo: mche unaovuka mpaka unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na sababu ni nzuri. Magonjwa nayo husafiri kwenye udongo.)

Kwa hiyo kustahimili baridi ni mambo mawili tofauti, na vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya huyachanganya kwa sababu huko hayaachani. Kuna mmea unaojua kulala wakati wa baridi, na kuna mmea unaojua kukaa macho. Nyanda zetu za juu zina mchana wa kaskazi na usiku wa kipupwe ndani ya siku moja. Tunachohitaji ni kichaka kinachoweza kuganda kidogo saa kumi na moja alfajiri, kikaungua na jua kali saa sita, na kesho kikarudia, bila kudai likizo ya miezi minne.

Vichaka vya namna hiyo vipo. Vingi vimetoka kwenye milima ya nchi za joto kama yetu, na vingine vimetoka mahali ambapo baridi ni ya kati.

Kile cha jirani yangu ni kamelia. Jina hilo lilitolewa kwa heshima ya Georg Joseph Kamel, bruda Mjesuiti aliyechunguza mimea ya Ufilipino. Lakini mtu wa Njombe hahitaji habari za bruda ili kukitambua. Ashike jani tu. Kamelia ya maua na chai yetu ni watu wa ukoo mmoja: chai ni Camellia sinensis, hii ya maua ni Camellia japonica. Mtu anayeishi karibu na mashamba ya chai ya Luponde au Lupembe ana udongo ambao kamelia ingeuchagua yenyewe: wenye tindikali, unaopitisha maji, wenye mboji nyingi juu. Inachanua katika miezi ya baridi, wakati bustani nyingine zimenuna. Udhaifu wake ni jua la asubuhi. Tumba lililoganda likipigwa na jua la saa moja linayeyuka ghafla na kuwa la kahawia; likiachwa kivulini liyeyuke polepole, linafunguka kama kawaida. Usiipande upande wa mashariki wa nyumba. Na uwe na subira, maana inakua kwa mwendo wa mtu anayejenga bila mkopo.

Haidranjia ni hadithi nyingine, na hii nimeipenda kuliko zote. Ni kile kichaka chenye majani mapana na vichwa vya maua mviringo kama mpira, ambacho utakiona mbele ya nyumba nyingi za zamani za misheni nyanda za juu. Asili yake ni Japani. Kwa jirani yangu vilikuwa viwili, vimeota hatua sita tu kutoka kimoja hadi kingine. Cha kwanza buluu ya sare za shule, cha pili waridi iliyofifia yenye madoa ya zambarau. Nikamwomba pingili za kila kimoja nipate rangi zote mbili. Akanikatia bila kuniuliza chochote. Mwaka wa pili vikachanua kwangu vyote buluu. Nilirudi kwake kama mteja aliyeuziwa kanga yenye doa, nikamwambia mama, ile ya pinki umenipa siyo. Akacheka hadi akakaa chini. Ilikuwa ile ile. Kilichoifanya ya waridi kwake ni majivu: kila asubuhi, tangu alipojenga jiko lile, alikuwa anamwaga majivu ya kuni upande ule.

Jambo hili lina maelezo yake ya kikemia. Rangi ya ua ni moja. Kinachoibadilisha ni madini ya aluminiamu. Katika udongo wenye tindikali, tuseme pH chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka, mizizi ikaipandisha hadi kwenye ua, ua likawa buluu. Majivu au chokaa hupunguza tindikali, aluminiamu inabanwa udongoni, na ua linabaki waridi. Udongo wa Njombe mwingi una tindikali, ndiyo maana vichwa vingi huku ni buluu. Anayetaka waridi amwage majivu, na asitegemee jibu kabla ya msimu mmoja kupita. Niliwahi kuona ukuta mpya uliopigwa lipu ukifanya kazi hiyo hiyo bila mwenye nyumba kujua, kwa chokaa iliyokuwa inachuruzika na mvua.

Kosa kubwa kwa haidranjia ya aina hii ni mkasi. Watu hupogoa Juni au Julai kwa sababu inaonekana imechakaa: majani yameungua pembeni, vichwa vimekauka. Wanaikata hadi goti, kisha Desemba wanalalamika kwamba imegeuka dume. Maua ya msimu ujao yako tayari kwenye ncha za matawi ya mwaka huu. Ukikata ncha umekata maua. Acha hata vichwa vikavu vibaki, vibaya kama vilivyo. Ni kofia ya tumba lililo chini yake usiku wa sakitu. Viondoe baridi ikishapita, na ukate juu kabisa ya jozi ya kwanza ya matumba manene. Kuna aina nyingine, yenye vichwa vilivyochongoka kama pia, inayotoa maua kwenye matawi mapya. Hiyo ndiyo inayopandwa hata Minnesota, na hiyo pogoa upendavyo.

Fukshia sitaikalia sana. Aina zake nyingi zimetoka milima ya Amerika ya Kusini, kwa hiyo hali yetu inaijua tangu kwao: ubaridi, ukungu, mvua. Maua yake huning'inia kama hereni, na ndege chozi hawaachi. Sakitu kali huikausha hadi chini, kisha shina hutoa chipukizi mpya Septemba. Tarumbeta, lile lenye maua marefu yanayoangalia chini na kunukia jioni, nalo ni la huko huko Amerika ya Kusini. Lina historia ya ajabu: aina zake zote zimehesabiwa kuwa hazipo tena porini, zinaishi kwa mikono ya watu tu. Lakini ni sumu, kuanzia jani hadi mbegu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isilipande, na mimi kwangu nililing'oa mjukuu alipoanza kusimama.

Waridi naye ana siri ambayo sisi watu wa pwani tumeibeba miaka mingi bila kuiuliza. Kule kwetu hakuna harusi wala maulidi bila mrashi kupita na kunyunyiza marashi, na marashi ya kusifiwa yalikuwa yale ya Omani. Waridi wa marashi hayo haupandwi Maskati kwenye joto. Unapandwa Jabal al-Akhdar, kwenye matuta ya mawe karibu mita 2,000 juu, ambako usiku wa Januari huweza kushuka chini ya sifuri. Vichaka vile vinahitaji baridi hiyo. Vinachanua kuanzia mwisho wa Machi hivi, maua yakachumwa alfajiri kabla jua halijafukuza harufu, yakapikwa kwenye tanuri za udongo mvuke ukawa marashi. Harufu ninayoijua tangu utotoni kama harufu ya pwani ni ya kichaka cha mlimani. Kwa upande wetu, waridi wanastawi vizuri Njombe hadi Limuru, na tatizo lao kubwa si baridi bali ukungu mweupe wa majani na madoa meusi wakati wa mvua. Panda mbali mbali upepo upite, mwagilia chini, usiloweshe majani jioni.

Sasa niseme ninalolisema kwa kila mtu anayeniuliza: kabla ya kuagiza kitu chochote, panda gari uende Kitulo.

Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulilimwa pareto zamani, ukafugwa ng'ombe na kondoo, na mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Una aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwemo okidi 45 za ardhini. Watu huenda Desemba hadi Aprili kuona okidi, wanapiga picha chini, wanarudi. Wachache wanainua macho kwenye vichaka vilivyosimama pembeni, ambavyo hakuna mtu aliyevifunika gunia usiku wowote tangu dunia iumbwe.

Pembeni mwa misitu ya milimani, kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini, kuna kichaka kiitwacho na wataalamu Hypericum revolutum. Maua yake ni ya njano, makubwa, yenye nyuzi nyingi katikati kama brashi ya kunyolea, na ukilipondaponda jani linatoa harufu ya bizari ya mchuzi. Kinaweza kuwa ukuta wa maua mbele ya nyumba. Kuna vile vyenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina kwa mafungu, ghorofa juu ya ghorofa, ambavyo chozi huvipigania. Na kuna protea.

Protea wengi huijua kwa ile kubwa ambayo ni ua la taifa la Afrika Kusini. Lakini tuna za kwetu, katika nyasi za nyanda za juu kusini, zimezoea moto, ukame na sakitu. Kuipanda kuna sharti moja linalowashinda hasa wakulima hodari. Mizizi ya protea imejifunza kunyonya fosfori katika udongo maskini kabisa. Ukiipa mbolea yenye fosfori nyingi inakunywa bila kujizuia mpaka inajiua. Mkulima wa viazi aliyezoea DAP, au mfuko wa Minjingu, anaihurumia protea, anaitupia konzi moja, na baada ya wiki chache anauliza ni ugonjwa gani. Usiipe kitu. Hata samadi usiipe. Mahali palipokuwa na shamba la viazi lililorutubishwa miaka mingi, usihangaike nayo kabisa.

Naomba nieleweke: sisemi uende hifadhini na jembe. Ni kosa la jinai, na Kitulo imeshaumizwa vya kutosha na uchimbaji wa viazi vya okidi kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda kinachouzwa Zambia. Vichaka hivi viko pia kandokando ya barabara za vijijini na kwenye mashamba ya watu, nje ya mipaka. Omba mbegu, au omba kijiti kwa mwenye shamba. Mmea mzima ukiung'oa porini mara nyingi unakufa mikononi mwako, umeshinda nini?

Kuhusu mahali pa kupanda, somo zuri kuliko la kitabu chochote ni la vinyungu. Kila mtu wa huku anajua kwamba bustani hizo za mabondeni ndizo zinazoungua kwanza. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku inateremka mteremko kama maji na kutuama chini. Basi hata ndani ya kiwanja kimoja kuna bonde na kuna kilima. Tembea alfajiri ya Julai, utaona mwenyewe mahali palipo peupe na mahali palipobaki kijani. Fyekelea mlango kwenye ua wa chini ili hewa ipite, maana ukuta au uzio mnene upande wa chini wa mteremko ni bwawa la baridi, na maua yako yatakuwa samaki.

Ukuta wenyewe ukiwa mahali sahihi ni rafiki. Tofali la kuchoma hunywa jua mchana na kulitoa usiku. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na Juni jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndio wenye joto. Vitabu vya Uingereza vitakuambia kusini. Wao wako upande mwingine wa dunia. Nimeona mtu msomi amefuata kitabu hicho na kuweka waridi wake kwenye kivuli cha kipupwe chote.

Usiku wa hatari hujitangaza. Mchana wenye anga safi, upepo unakata jioni, nyota zinakaribia. Siku hiyo mwagilia udongo asubuhi, kwa sababu udongo wenye unyevu hubeba joto zaidi kuliko mkavu. Kama umetandaza sindano za misindano chini ya kichaka, zisogeze pembeni kwa miezi ile ya sakitu. Matandazo hufunika udongo kama blanketi, na joto likibaki chini ya blanketi jani haliambulii kitu. Jioni funika mche mchanga kwa gunia au shuka kuukuu lililoegemezwa kwenye vijiti, lifike chini. Nailoni isiguse jani. Palipogusa ndipo patakapoungua. Asubuhi funua. Wenye kusahau kufunua huua kwa joto kile walichokiokoa kwa baridi. Na mbolea ya kukuzia iishe Machi: chipukizi laini la Mei ni chakula cha Juni.

Kama imeungua, usikimbilie mkasi. Hayo majani meusi yanaudhi, najua, hasa kama wageni wanakuja. Yaache mpaka Septemba. Kisha kwangua gome kwa ukucha kuanzia juu ukishuka. Penye kijani chini ya gome ndipo uhai ulipo, kata hapo.

Miche ya kununua ipo, lakini kwa haidranjia na fukshia hakuna sababu ya kununua. Chukua pingili yenye urefu wa penseli isiyo na ua, toa majani ya chini, ya juu uyakate nusu, ichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, ufunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne ivute kidogo, ikikataa, imeshika. Kamelia itakuchukua miezi. Hamishia bustanini mvua za Novemba zinapoanza, mizizi ipate miezi sita ya kujikita kabla ya Juni.

Mama alikuja kunitembelea Desemba iliyopita. Alizizunguka haidranjia zangu mara mbili, akauliza kama zinanukia. Nikamwambia hapana, hazinukii. Akakata pingili nne akazitia kwenye kopo la maziwa kwenda nazo Tanga. Tatu zimeshakufa kwa joto. Ya nne anaiweka kando ya mtungi wa maji, na bado haijatoa ua.